Jina Chini ya Barakoa

Kuna jambo ambalo Mkenya hahitaji kufundishwa darasani: jina lako huongea kabla wewe hujafungua mdomo. Taja majina yako matatu na anayekusikiliza ashakupangia kaunti, chakula unachopenda na mtu uliyempigia kura. Ndiyo maana wengi wetu mtandaoni tunatumia majina mawili ya ubatizo, au jina la utani, na lile la ukoo tunaliacha nyumbani. Hakuna anayetukamata kwa hilo. Lakini swali la maadili liko pale pale: mtu anayeficha jina lake ili asikizwe, je, anadanganya?

Mimi swali hili nimekuwa nikilitafuna nikisoma komiki. Usicheke. Superman, Batman, Captain America na wenzao, wale tunaowajua kutoka sinema na fulana za Gikomba, walibuniwa kwa kiasi kikubwa na vijana wa Kiyahudi wa Marekani, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki. Superman alitoka mwaka 1938 mikononi mwa Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland. Batman alifuata 1939, kazi ya Bob Kane na Bill Finger. Captain America ni wa Joe Simon na Jack Kirby. Kisha kuna Stan Lee, ambaye hahitaji kutambulishwa. Wote hao, Wayahudi. Sasa fungua kurasa zao za miaka hiyo umtafute Myahudi hata mmoja anayeitwa hivyo. Utatafuta sana.

Kwa nini komiki? Sababu haina uchawi wowote. Kampuni za matangazo na majarida ya heshima ya wakati huo mara nyingi hayakutaka kuajiri Wayahudi. Komiki zilikuwa kitu cha kudharauliwa: karatasi ya bei rahisi, senti 10, burudani ya watoto. Wachapishaji wake wengi walikuwa Wayahudi pia. Mlango uliodharauliwa ndio uliokuwa wazi, na vijana wakaingia.

Walipoingia, baadhi yao walibadilisha majina. Jacob Kurtzberg akawa Jack Kirby. Stanley Lieber akawa Stan Lee. Robert Kahn akawa Bob Kane. Ukisikia hivyo unakimbilia jibu moja: waliogopa. Pole pole. Stan Lee alisema alitaka kulihifadhi jina la Lieber kwa ajili ya riwaya kubwa aliyotarajia kuandika siku moja. Yaani aibu yake ilikuwa ya komiki. Kirby naye alichukizwa na watu waliodai kwamba alibadilisha jina ili afiche Uyahudi wake.

Mimi namwamini. Huwezi kusoma moyo wa mtu kwa kuangalia jina alilochagua. Unachoweza kusoma ni mazingira yake. Ukiishi mahali ambapo jina fupi la Kizungu linafungua mlango na jina refu la kigeni linaufunga, basi hata anayebadilisha jina kwa sababu ya ladha tu anapita kwenye njia ambayo wengine waliichonga kwa ajili yake. Yeye anaweza kuwa huru moyoni. Njia yenyewe haikuwa huru.

Kuna pia kosa la upande wa pili, la kuona Uyahudi kila mahali. Wasomaji wengi husema Superman ni Myahudi: mtoto anawekwa kwenye chombo na kutumwa mbali aokoke, kama Musa mtoni, na jina lake la kuzaliwa, Kal-El, linabeba "El", neno la Kiebrania la Mungu. Inapendeza. Lakini mwanzoni jina hilo liliandikwa Kal-L, na tahajia ya "El" ilikuja baadaye, kwenye riwaya ya 1942 iliyoandikwa na George Lowther. Naweza kusema kisa cha Superman kinafanana na kisa cha mhamiaji, na ni kweli. Lakini kumpachika mtu maneno ambayo hakusema ni namna nyingine ya kumnyang'anya sauti.

Basi tuangalie walichosema waziwazi. Toleo la kwanza la Captain America lina tarehe ya Machi 1941, lakini lilifika madukani Desemba 1940, mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani. Jaladani, shujaa anamtwanga Hitler ngumi ya taya. Wakati huo Wamarekani wengi hawakutaka kusikia habari za vita vya Ulaya. Na shujaa mwenyewe ni nani? Steve Rogers, kijana wa nywele za dhahabu na macho ya buluu, sura ile ile ambayo Wanazi waliiimba kila siku. Jina pekee humo linaloelekea kuwa la Kiyahudi ni la mwanasayansi anayempa nguvu, Profesa Reinstein, na yeye anauawa na jasusi wa Kinazi kurasa chache tu baadaye.

Joe Simon alikuja kusimulia kwamba baada ya toleo hilo walipokea barua na simu za vitisho, mpaka meya wa New York, Fiorello LaGuardia, akawapigia simu kuwahakikishia ulinzi. Na huko Ujerumani, mwezi wa Aprili 1940, gazeti la SS lilikuwa limeshamshambulia Superman na kumkejeli Jerry Siegel kwa Uyahudi wake. Kwa hivyo adui hakuwahi kudanganywa. Aliyekuwa hajui ni msomaji wa kawaida wa Marekani, mtoto wa Ohio au Texas mwenye senti 10 mkononi.

Je, huyo alidanganywa? Hebu fikiria kama Captain America angekuwa Myahudi waziwazi. Wangapi wangesema, "Ah, hawa wanapigania watu wao tu," kisha wakageuza ukurasa? Barakoa iliwawezesha Simon na Kirby kusema jambo la kweli, kwamba Hitler ni hatari kwa kila mtu, mbele ya watu ambao wasingewapa hata dakika moja. Uongo ninaoujua mimi humdhuru anayeuamini. Msomaji huyu aliambiwa ukweli na mtu asiyemjua asili yake. Hapo siwezi kumhukumu mwandishi.

Ila wahenga walisema mficha uchi hazai, na barakoa ina bei yake. Bei hiyo naiona vizuri zaidi kwa Ben Grimm, The Thing wa Fantastic Four, aliyeletwa na Lee na Kirby mwaka 1961. Ni jitu la mawe ya rangi ya machungwa, mdomo mkali, moyo laini, mtoto wa Yancy Street. Wakati huo hakukuwa na Yancy Street New York. Kuna Delancey Street, katika Lower East Side, mtaa wa Wayahudi maskini ambako Kirby alikulia. Katika miaka ya 70 Kirby alimchora Ben kwenye kadi ya Hanukkah, amevaa kofia na shali ya sala, kitabu cha sala mkononi. Kadi hiyo haikuwa ya kuuzwa. Nyumbani Ben alikuwa Myahudi. Dukani alikuwa Ben tu.

Mpaka 2002. Mwaka huo, katika toleo moja la Fantastic Four, Ben anarudi Yancy Street, anakutana na mzee wa duka la rehani aliyemfahamu utotoni, na mzee anapoumia, Ben anapiga magoti na kusoma sala ya Kiyahudi. Mzee anashangaa kwa nini hakuwahi kusema. Pengine aliona haya? Ben anajibu kwamba dunia ina matatizo ya kutosha bila watu kuanza kufikiri Wayahudi wote ni majitu kama yeye.

Jibu hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Ben ananyamaza ili sura yake isiwachafue wengine. Ni hofu ya kila mtu wa jamii ndogo: nikikosea mimi, tumekosea sote. Na kimya hicho kilichukua miaka 41. Kirby alikuwa ameshafariki, mwaka 1994. Fikiria mtoto wa Kiyahudi aliyekuwa akisoma Fantastic Four mwaka 1965, hajui kwamba yule anayempenda kuliko wote ni wa mtaa wake. Huyo alinyimwa kitu. Hakuibiwa na mtu fulani unayeweza kumnyooshea kidole, lakini alinyimwa.

Sasa linganisha na kufichwa. Nasema kufichwa, maana ni jambo tofauti kabisa na kuficha. Bill Finger alichangia karibu kila kitu tunachokiita Batman: joho, kofia yenye masikio, giza lenyewe. Mkataba ukaweka jina la Bob Kane peke yake. Kane, aliyekuwa amelibadilisha jina lake, akaishi miongo kadhaa juu ya kimya cha Myahudi mwenzake. Finger alifariki 1974. Kane alikuja kukiri, katika kitabu chake cha kumbukumbu cha 1989, kwamba Finger hakupata sifa aliyostahili. Jina la Finger liliwekwa rasmi kwenye sifa za ubunifu wa Batman mwaka 2015.

Siegel na Shuster pia. Waliuza haki za Superman kwa dola 130 mwaka 1938. Walipokwenda mahakamani 1947, majina yao yaliondolewa kwenye komiki. Yalirudi 1975, pamoja na malipo ya kila mwaka, baada ya Siegel kupiga kelele hadharani huku filamu kubwa ya Superman ikitayarishwa. Kurtzberg alijichagulia kuwa Kirby. Finger hakujichagulia kuwa hakuna. Tukiyaita yote mawili "kuficha jina", tunamfanyia mwizi huruma asiyoistahili.

Aliyenionyesha tofauti hii kwa picha ni Art Spiegelman, katika *Maus*, kitabu cha juzuu mbili, 1986 na 1991, kilichopata tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Spiegelman anasimulia jinsi baba yake, Vladek, alivyonusurika Auschwitz. Wayahudi amewachora kama panya, Wajerumani paka, Wapoland nguruwe. Wanazi waliwaita Wayahudi wadudu na panya. Spiegelman akalichukua tusi lenyewe na kulifanya sura ya baba yake.

Kuna sehemu ambapo Vladek na mkewe Anja wanatembea barabarani wakijifanya Wapoland. Spiegelman anawavalisha barakoa za nguruwe, na anahakikisha tunaiona kamba iliyofungwa kisogoni. Vladek anapita salama. Lakini Anja, ambaye sura yake ingemsaliti haraka zaidi, amechorwa na mkia wa panya ukining'inia nyuma ya koti. Ukiona mkia ule unataka kuufunika kwa mkono wako kabla askari hajageuka. Waliosimamishwa kwenye vizuizi vya barabarani hapa kwetu mapema 2008, wakaambiwa watoe kitambulisho, hawahitaji kuelezwa picha hiyo inasema nini.

Nani atamwita Anja mwongo? Basi hapo ndipo nilipopata kipimo changu. Ukikutana na barakoa, usianze na sura iliyo chini yake. Tafuta kamba kwanza. Nani aliifunga, na nani ana uwezo wa kuifungua? Kwa Anja, waliofunga ni wale waliokuwa wakimwinda. Kwa Finger, ni mwenzake wa kazini. Kwa Kirby, mkono ulikuwa wake, ndani ya nchi iliyokuwa imeshaamua majina yapi yanauzika. Lawama ifuate mkono.

Kipimo hiki kinatudai pia. Ikiwa kamba iko mikononi mwako na uko salama, nadhani una deni kwa yule mtoto wa 1965: ifungue, angalau mara moja, aone uko pale. Najua utaniuliza, ni nani anayeamua kwamba niko salama? Swali zuri. Mwaka 2022 bodi ya shule ya kaunti moja huko Tennessee iliiondoa *Maus* kwenye mtaala, ikitaja matusi machache na picha ya uchi, miaka 30 baada ya kitabu hicho kutuzwa. Usalama huja na kuondoka. Kwa hivyo uamuzi ni wa mwenye sura, na sisi wengine tusimharakishe.

Cha kwetu ni kidogo, na kinawezekana leo. Ukimkuta mwandishi, mchoraji au mtu yeyote kwenye simu yako anatumia jina ambalo haliko kwenye kitambulisho chake, usianze kumfukua ili umjue "ni wa wapi". Soma alichoandika. Na ukijua kuna mtu aliyeifanya kazi akaachwa nje ya jalada, litaje jina lake, lote, bila kusubiri miaka 41 kufika.