Sahani ya Bweni na Sahani ya Mama



Nilisoma sekondari katika shule ya bweni huko milimani, mbali na kwetu Buyenzi, Bujumbura. Mchana tulikula ugali na maharage, usiku ugali na maharage. Mara nyingine maharage yalikuwa na wadudu. Tuliwatoa kwa kijiko, tukala. Sikulalamika hata siku moja, kwa kuwa aliyelalamika alipunguziwa chakula kesho yake. Nikajiona mwenye subira.

Likizo moja nilirudi nyumbani, mama akapika sombe na ndagala. Nilipoonja nikasema, "Mama, leo tena sombe? Na chumvi imezidi." Hakunijibu. Alichukua sahani yangu, akaenda kuila mwenyewe jikoni. Usiku mdogo wangu akaniambia kwamba mama hakuwa amejipakulia. Chote kilichokuwemo chunguni alitugawia sisi watoto.

Tangu siku hiyo najiuliza: kwa nini kinywa kilichonyamaza mbele ya mpishi wa shule kilifunguka mbele ya mama? Shuleni niliogopa. Nyumbani nilijua kwamba nitapendwa tu, niseme nisiseme. Basi nilichokiita subira kilikuwa hofu. Tabia ya mtu hujulikana pale asipokuwa na cha kuogopa.

Abu Hurayra (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia chakula dosari, alipokitamani alikila, na asipokitaka alikiacha.

Mtu atauliza: je, tunyamaze hata tukipewa maharage yenye wadudu? Sidhani. Kudai haki ya mwanafunzi aliyelipiwa karo ni jambo moja, na kuivunja moyo mikono iliyopika ni jambo jingine. Mimi nilifanya kinyume: nilinyamaza palipohitaji kusemwa kwa adabu, nikasema palipohitaji shukrani.

Leo tuko chuo kikuu, wengi wetu tunajipikia katika vyumba vya kupanga na bei ya mkaa tunaijua. Ukirudi nyumbani likizo hii, kabla hujasema chumvi imezidi, tazama kwanza kama aliyepika naye ana sahani.

Wabillahi tawfiq.