Moto Tulioupigia Makofi

Mwaka 2017 walitujia nyumbani hapa Nyololo vijana wawili wa parokia yetu, mtu na mkewe, wamebeba binti yao wa miezi mitatu. Walitaka tumsimamie mtoto katika ubatizo. Tulikubali kwa furaha, maana wote wawili tuliwafundisha darasa la nne. Kisha tukauliza jina. "Khaleesi, Mwalimu," akasema mama mtoto. Tukauliza ni la bibi yupi, wa upande wa Wahehe au wa Wabena. Wakacheka.

Jina hilo, tukaelezwa, latoka katika tamthilia ya televisheni iitwayo Game of Thrones, iliyotengenezwa na kampuni ya HBO ya Marekani kutoka katika riwaya za George R. R. Martin. Riwaya ya kwanza ilitoka mwaka 1996. Tamthilia ilianza 2011 ikaisha Mei 2019, sehemu 73 kwa jumla. Vijana wa huku kwenye barabara kuu walikuwa wakinakiliwa vibandani, wakaja kuitazama usiku. Ni hadithi ya kubuni, yenye majoka yatemayo moto na wakubwa wanaogombea kiti kimoja. Tena Khaleesi si jina bali ni cheo, maana yake malkia, kwa lugha ambayo haisemwi na kabila lolote duniani. Mwenye cheo anaitwa Daenerys. Basi tukaona si vibaya. Kwetu akina Malkia ni wengi. Mtoto akaongezewa jina la mtakatifu, akabatizwa.

Ili tumjue mwenye jina, tukaanza kuitazama pamoja na wajukuu. Hatuwashauri wasomaji kutuiga, maana mna uchi mwingi, na mjukuu wetu mkubwa alikuwa na kazi ya kusogeza mbele upesi huku sisi tukijifanya kutafuta miwani. Lakini tulielewa kwa nini watu walimpenda yule binti. Aliozwa na kaka yake kwa mtu asiyemjua, ili kaka apate jeshi. Akainuka kutoka hapo, akaingia katika miji ya watumwa na kuwafungua. Sisi tunaojua kwamba Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lilijengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, tungewezaje kutompenda?

Ikafika Mei 2019. Katika sehemu ya mwisho ila moja, mji wa adui umekwisha kusalimu amri na kengele zinalia. Naye, akiwa juu ya joka lake, anauteketeza mji pamoja na watoto waliomo. Katika sehemu iliyofuata akauawa na mtu aliyempenda.

Watazamaji walighadhibika. Zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka msimu wa nane utengenezwe upya na waandishi wengine. Huko Marekani, ambako mwaka 2018 peke yake mamia ya watoto wa kike walipewa jina la Khaleesi, magazeti yaliwauliza wazazi kama wanajuta. Na hapa Nyololo baba mtoto alitujia jioni, hata hodi hakupiga sawasawa. "Mwalimu, wamemharibu!"

Tulimwuliza: wamemharibu nani? Hakuna mtu aliyekufa. Lakini swali letu lilikuwa la kukwepa, maana na sisi usiku ule usingizi haukuja vizuri. Si jambo geni. Mwaka 1893 Conan Doyle alipomwua mpelelezi wake Sherlock Holmes, wasomaji wa Uingereza walimlalamikia sana, na mwaka 1903 akamrudisha hai. Mtu akikaa miaka minane na jina la mtu wa hadithi kinywani, na wengine wamelibandika kwa watoto wao, si ajabu aone kuwa ana hisa katika hadithi hiyo.

Kuna lalamiko moja tulilolikubali. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kumi. Wa saba ukawa na saba, na wa mwisho sita tu. Hadithi ya televisheni ilikuwa imevipita vitabu, na watengenezaji wakamalizia kwa mbio. Tulipofundisha hesabu, mwanafunzi aliyeleta jibu bila kuonyesha njia tulimpa nusu ya alama, hata kama jibu lilikuwa sahihi.

Lakini njia ilikuwapo, nasi tuliiona. Katika msimu wa nne mabwana wa mji wa Meereen wanawasulubisha watoto 163 wa watumwa kando ya barabara. Binti yule anapouteka mji, anawasulubisha mabwana 163. Idadi ile ile, bila kuuliza nani alifanya nini. Baadaye anakuja kijana mmoja kumwambia kwamba baba yake, aliyekuwa miongoni mwao, alikuwa ameyapinga mauaji ya watoto wale. Wajukuu wetu walipiga makofi misalaba iliposimamishwa. Na sisi tulipiga. Tena kwa nguvu.

Tulimkumbusha baba mtoto hayo. Akasema, "Lakini wale walikuwa wabaya, Mwalimu."

Hapo tukanyamaza, kwa sababu maneno hayo tuliwahi kuyasikia. Mwaka 1988, jioni moja, tukitoka shule na chaki bado vidoleni, tuliwakuta watu kando ya barabara kuu wamemzunguka kijana mmoja, ati ameiba turubai la lori. Hatukurusha jiwe. Tulisimama tukatazama, na moyoni tulisema wezi wamezidi. Siku ya tatu turubai liliokotwa njiani, lilikuwa limeanguka lenyewe. Kijana alikuwa amekwisha kuzikwa. Jambo hili hatujapata kuliandika mahali popote mpaka leo.

Kwa hiyo twaona kwamba hasira ile ya mwaka 2019 ilikuwa na kitu kingine ndani yake kuliko uandishi mbovu. Moto ulikuwa ule ule tangu mwanzo. Ulipowaangukia tuliowachukia tuliuita haki, na ulipowafikia watoto tukataka hadithi iandikwe upya.

Wale wazazi walitaka jina libadilishwe. Tuliwaambia waliache. Daudi alimwua Uria kwa barua, na kila Pasaka twabatiza akina Daudi bila kutetemeka. Baba alinung'unika, mama akacheka, wakaondoka na mtoto amelala mgongoni.

Sasa yumo shuleni, na hadithi yenyewe hajaiona. Juzi alituletea daftari lake tulikague. Mwalimu wake alikuwa ameandika jina kwa e moja, naye amelikata kwa penseli na kulisahihisha.

"Ni e mbili, Babu," akasema. "Nimemwambia."