Je, Kutokujua Ni Hatia?

Wasomaji wetu, liko swali moja ambalo wenye hekima na waalimu wa dini wamelijadili tangu kale: Je, mtu aliyeacha kutenda jema kwa sababu hakulijua, ana hatia? Sisi tulilisoma swali hili chuoni, tukalijibu kwa wino, tukapewa alama zetu. Baadaye tulilikuta mbele ya mama mmoja, nasi tukaona ya kuwa jibu letu la chuoni halitoshi.

Ilikuwa wakati wa kuvuna karanga. Mama huyo, jirani wa shule yetu, alikuwa akimenya karanga barazani, na mwanawe wa miezi 10 akitambaa karibu naye. Mtoto akaokota punje moja, akaitia kinywani, nayo ikamsakama kooni. Mama akamchukua akaja mbio kwetu, maana kijijini watu hudhani ya kuwa waalimu wajua mambo yote. Mtoto hakulia wala hakukohoa, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Mmoja wetu akampuliza utosini. Wa pili akaagiza maji. Wa tatu akatia kidole kinywani mwa mtoto, akiitafuta ile punje asiyoiona. Kisha tukashika njia ya zahanati, ambayo ni mwendo wa saa nzima. Mtoto alifariki njiani.

Mwaka uliofuata tulifundishwa na mwuguzi mmoja namna ya kumsaidia mtoto aliyepaliwa, nasi tukaazimia kuwafundisha wazazi wote siku ya Jumamosi. Jioni ya Ijumaa mama yule alikuja, akatuambia, "Mwalimu, nasikia kesho mtafundisha njia ya kumwokoa mtoto aliyepaliwa, tena nasikia ni njia nyepesi. Basi, kama ni nyepesi, mwanangu si nimemwua mimi?" Tulinyamaza. Mzee mmoja aliyekuwapo akatushauri tuliache somo lile, akasema, "Mwacheni mama wa watu apumzike. Mtoto alikwisha kwenda kwa amri ya Mungu. Mkifundisha leo, mtafukua kaburi."

Neno la mzee yule lilitoka katika huruma, wala hatulidharau. Ni kweli ya kuwa elimu inayokuja baada ya msiba huumiza. Lakini yafaa tulipime shauri lake, tuone kama huruma hiyo yatosha.

Kwanza, elimu yenyewe ina siku yake ya kuzaliwa. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, twasoma habari za nabii Elisha alivyojilaza juu ya mtoto wa Mshunami, kinywa chake juu ya kinywa cha mtoto, hata mtoto akapiga chafya mara saba. Muujiza ule ulikuwa wa Mungu, nasi hatusemi ulikuwa somo la uuguzi. Huko Ulaya, mwaka 1740, chuo cha wataalamu cha Paris kilishauri ya kuwa waliozama majini wapuliziwe pumzi kwa kinywa. Na mwaka 1767 watu wa Amsterdam waliunda chama cha kuwaokoa waliozama. Lakini njia ya kuusaidia moyo uliosimama kwa kukibonyeza kifua kutoka nje, bila kumpasua mtu, ilielezwa mwaka 1960 na Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Baltimore, Marekani. Je, twaweza kusema ya kuwa kila mzazi aliyefiwa na mtoto kabla ya hapo alikuwa mwuaji? Hasha. Hakuna adaiwaye kitu ambacho hakupewa kamwe.

Basi, kama ilivyo kwa ulimwengu, ndivyo ilivyo kwa mtu mmoja. Naye ana siku yake ya kufikiwa na elimu, na mambo ya kabla ya siku ile hayahukumiwi kwa nuru ya baadaye. Mama yule alifanya yote aliyoyajua: alikimbia. Hana hatia.

Pili, uko ujinga wa namna nyingine, nao ni wa mtu aliyeitwa ajifunze akakataa, au aliyejua akanyamaza. Huu hauna udhuru. Mtu akilijua shimo lililo njiani asiwaambie wapitao, hawezi kusema baadaye ya kuwa hakumsukuma mtu. Sisi waalimu, tangu siku tulipofundishwa na mwuguzi yule, tulikuwa tumelijua shimo. Kama tungalinyamaza ili kumwonea huruma mama mmoja, tungaliwaibia mama wengine wote. Tena msiba wa kwanza usingalipungua hata kidogo.

Tatu, wako wasemao ya kuwa mtoto akiitwa na Mungu hapana wa kumzuia. Nasi twaamini ya kuwa uhai u mikononi mwa Mungu. Lakini mtu huyo huyo, mwanawe akianguka kisimani, hakai ukingoni akingoja kujua amri ya Mungu, hutupa kamba. Kujifunza ni kuiweka kamba tayari. Katika hospitali 8 za Tanzania wakunga walifundishwa namna ya kuwasaidia watoto wanaozaliwa bila kupumua, na taarifa iliyotolewa mwaka 2013 ilionyesha ya kuwa vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa 47 katika kila 100. Kamba ilikuwapo, na walioishika ni wakunga wale wale wa kila siku.

Basi tulifundisha, nayo haya ndiyo tuliyoyafundisha, kwa habari ya mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Akikohoa kwa nguvu na kulia, mwache akohoe, umwangalie, maana pumzi yapita. Kama hatoi sauti wala hawezi kukohoa, paza sauti uite watu, kisha keti. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako ulioegemea pajani, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ukilishika taya lake bila kulibana koo. Mpige mgongoni, katikati ya mabega, mara 5, kwa sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono. Kama kitu hakikutoka, mgeuze chali, kichwa kikiwa bado chini, ukibonyeze kifua katikati, juu ya mfupa, mara 5. Usilibonyeze tumbo, maana ini la mtoto mchanga huumia upesi. Ukikiona kitu kinywani, kitoe. Usipokiona, usitie kidole, usije ukakisukuma ndani zaidi. Rudia hivyo hivyo mpaka kitoke.

Akilegea asipumue, mlaze mahali pagumu. Funika kinywa na pua yake pamoja kwa kinywa chako, umpulizie pumzi ndogo 5, kiasi cha kifua kuinuka tu. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa haraka ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kishuke kwa theluthi ya unene wake. Halafu pumzi 2. Na kuendelea hivyo, huku wengine wakitafuta chombo cha kumpeleka zahanati. Usikimbie kwanza na kusaidia baadaye, kama tulivyofanya sisi, kwa sababu ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika katika dakika chache, na zahanati iko mbali. Hata aliyepona na apelekwe akaangaliwe.

Mama yule tulimjibu maneno machache: "Mama, siku ile hukuwa umefundishwa, wala sisi hatukuwa tumefundishwa. Hukumwua. Kesho, ukitaka, njoo; usipotaka, hatutakulaumu." Alikuja, akaketi nyuma kabisa. Tulikuwa tumefunga nguo kuukuu kwa mfano wa mtoto, na kila mzazi alipewa zamu yake. Zamu yake ilipofika mikono ilimtetemeka, lakini aliyahesabu mapigo 5 kwa sauti, kisha akampa jirani yake mwenye mtoto mgongoni, akamwambia, "Shika hivi, usilibane koo."

Wahenga walisema, majuto ni mjukuu. Wasomaji wetu, ninyi mliosoma maneno haya mmekwisha kufikiwa na siku yenu. Kabla ya leo hamkudaiwa. Tangu leo mwadaiwa. Nendeni kwa mwuguzi aliye karibu nanyi, mkajifunze kwa mikono, maana karatasi haitoshi. Kisha mmfundishe mwingine.