Kidole Hakibadilishwi

Nenosiri likivuja, mtu hulibadilisha jioni hiyohiyo. Alama ya kidole ikiibwa, hapewi kidole kipya. Je, kidole ni mali? Mwanafalsafa John Locke alifundisha kwamba kila mtu anamiliki nafsi yake. Mwanafalsafa Immanuel Kant alikataa, akisema mtu si kitu cha kumilikiwa, hata na yeye mwenyewe. Basi anayeidhinisha malipo kwa uso wake anatoa mali, au anajitoa mwenyewe?

Wanawake wana sababu zao za kusita kulipa kwa uso au kidole. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kibiashara zinazobaini jinsia kwa picha ya uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Utafiti haukuhusu malipo, ila ulifichua programu hizo zilitengenezwa ziwajue akina nani.

Kisha kuna nyumbani. Namba ya siri hukaa kichwani, lakini kidole hulala kitandani na mwenyewe: mume akikibandika kwenye simu mke akiwa usingizini, kufuli hufunguka.

Hata hivyo, bibi asiyejua kusoma, aliyezoea kumtajia wakala wa pesa za simu namba yake ya siri, hupata kwa kidole faragha ambayo hakuwa nayo.

Lakini je, kidole hutolewa kwa hiari? Nchini Tanzania, muda wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole ulipokwisha Januari 20, 2020, zisizosajiliwa zilianza kuzimwa. Aliyepanga foleni siku hizo, mke au mume, aliridhia au alisalimu amri?