Mwili Huu ni wa Nani?

Nyuma ya nyumba yangu hapa Mkolani, kati ya mawe mawili makubwa, vijana wamejitengenezea mahali pa kunyanyua vyuma. Vyuma vyenyewe ni saruji iliyomiminwa katika makopo ya rangi na kuunganishwa kwa bomba la maji. Kila jioni huwasikia wakihesabu kwa sauti, na mimi niliyefundisha shule za msingi na baadaye chuo cha ualimu nilikuwa nikifurahi kuwasikia. Mmoja wao ni mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka 22. Utotoni alikuwa mwembamba sana, nami kwa mzaha nilimpa jina la Ufito, nalo likamganda.

Mwezi uliopita mama yake alikuta vichupa na mabomba ya sindano chini ya godoro lake. Maskini mama alidhani ni unga. Kumbe ni steroidi, yaani homoni ya kiume iliyotengenezwa kiwandani, ambayo vijana hujichoma ili misuli ijae upesi. Na wengine, ndugu msomaji, huchangia sindano moja, kana kwamba nchi hii haijawahi kuzika watu kwa UKIMWI.

Nilimwita tukakaa barazani. Nilianza na madhara, kama mwalimu yeyote angefanya. Nilimweleza kwamba moyo nao ni msuli, hunenepa pamoja na misuli mingine hadi ukashindwa kusukuma damu vizuri. Kwamba shinikizo la damu hupanda na mafuta mabaya huzidi katika damu. Kwamba vidonge vya aina hiyo huumiza ini. Kwamba mwanamume anaweza kuota matiti. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Babu, mengi ya hayo nayajua. Lakini mwili ni wangu. Na wewe si ulivuta sigara miaka 30?"

Nikamletea habari ya Mathew Kisorio, mkimbiaji wa Kenya aliyepatikana na steroidi mwaka 2012, akakiri, akafungiwa miaka 2. Akajibu, "Yule alikuwa akishindana, babu, aliwapunja wenzake. Mimi sishindani na mtu." Hapo alinibana. Tumezoea kuilaani dawa hii kwa sababu ya udanganyifu michezoni, na hoja hiyo haimgusi kijana anayenyanyua kopo la saruji uani.

Usiku ule sikulala vizuri. Mwili ni wangu: ni kweli, lakini kwa maana gani? Kama shamba lilivyo langu, hata nikilichosha ni shauri langu? Hebu tazama jinsi dawa hii inavyofanya kazi. Ubongo ukiona homoni imejaa katika damu, huacha kuziagiza korodani zitengeneze yake. Korodani husinyaa, mbegu za uzazi hupungua, pengine zikaisha kabisa. Akiacha dawa, huchukua miezi mingi mwili kurudia kazi yake, na wapo ambao hawarudii hali yao ya kwanza. Kwa hiyo anayeamua ni kijana wa miaka 22, lakini atakayelipa ni mtu mzima wa miaka 35 anayetafuta mtoto. Huyo wa pili hakuulizwa. Je, naye hana haki katika mwili huu?

Nilifikiri pia juu ya ziwa letu. Waliopandikiza sangara miaka ya 1950 na 1960 walitaka samaki wakubwa, wakawapata. Viwanda vya minofu vimelisha nyumba nyingi hapa Mwanza, sibishi. Lakini furu, waliokuwa wa mamia ya aina, wengi wametoweka, na sisi tuliowala utotoni hatukuulizwa.

Hata hivyo hoja yangu ina tundu. Kwa mantiki hiyo ningemkataza kijana kucheza mpira kwa ajili ya magoti ya uzee wake, au kwenda kuchimba dhahabu Geita. Na mimi mwenyewe, kwa kila sigara, nilimnyang'anya pumzi mzee huyu anayeandika. Nilimwambia hivyo asubuhi yake: kwamba nimeshakuwa yule mtu ambaye hakuulizwa, na ninapopanda mlima wa nyumbani kwangu namlaumu kijana niliyekuwa.

Akanyamaza sana. Kisha akauliza, "Babu, nani aliniita Ufito?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetafuta kosa kwa wauza dawa, kwa marafiki zake, kwa picha za mabaunsa kwenye simu yake.

Juzi tulipanda daladala pamoja kwenda hospitali. Daktari alimpima damu, ini na moyo, akamwambia arudi Ijumaa kwa majibu, na kwamba kuacha kwenyewe kutahitaji uangalizi wake. Njiani hatukuzungumza mengi. Sasa namwita kwa jina lake alilobatizwa, ingawa ulimi wangu bado haujalizoea.