Ulimwengu Unaomfunza Mtoto

"Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Wengi wetu methali hii tumeisikia ikisemwa kwa kidole kilichonyooshwa. Kijana kakamatwa na polisi, binti karudi kutoka mjini amechoka na maisha. Mzee anatikisa kichwa, anaitamka, na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa matumizi hayo mama ni mwalimu mwenye huruma na ulimwengu ni mwalimu mwenye bakora, na aliyemkimbia wa kwanza lazima atakutana na wa pili. Maana hiyo ni sahihi. Lakini haitoshi, na nasema hivyo kwa sababu mimi nilikabidhiwa kwa ulimwengu na mama mwenyewe, kwenye gati la Bandari ya Mwanza Kaskazini, wakati wa likizo ya shule ya msingi, nikienda peke yangu kwa bibi Nansio, kisiwani Ukerewe.

Mama alikuwa amenifunda mapema. Nauli ya kurudia aliishonea ndani ya pindo la kaptura. Nisikae ukingoni mwa deki. Nisilale. Nisile cha mtu nisiyemjua. Nimwamkie kila mkubwa, nisiseme uongo, na nikifika nisitoke bandarini kabla sijamwona mjomba. Honi ikalia, Jiwe la Bismarck likabaki nyuma, nami nikabaki na maagizo hayo kichwani kwa safari ya saa tatu hivi.

Hatukwenda mbali kabla maagizo hayajaanza kugongana. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kisiwani na bidhaa zake alinitazama kwa muda. Nikamwamkia. "Marahaba, baba. Mtoto wa nani wewe?" Nikamtajia baba, nikamtajia na ukoo, kama watoto wa kwetu tunavyofunzwa. "Uko na nani humu?" Hapo nikanyamaza. Kusema niko peke yangu niliona ni hatari. Kusema niko na mtu ni uongo, na uongo nilikatazwa. Yule mama akaelewa ukimya wangu kuliko mimi mwenyewe. Akasogeza magunia yake, akanikalisha kati yake na ukuta, na baharia alipopita akamwambia, "Huyu ni wangu mpaka Nansio." Baadaye akatoa kiazi cha kuchemsha. Nikakataa. Hakukasirika. Akakimega, akala nusu nikimwangalia, kisha akanipa nusu iliyobaki. "Mama yako kakufunza vizuri," akasema. "Sasa kula."

Nimeufikiria mmego ule wa kiazi mara nyingi katika utu uzima. Amri ya mama ilikuwa nzuri, ila haikuweza kuona mbele mpaka kwenye deki ile. Kumpima mtu aliye mbele yangu, kujua lini kukataa ni busara na lini ni kumvunjia heshima aliyenitendea wema, hilo nililazimika kulifanya mwenyewe. Mama hawezi kumfunza mwanawe namna ya kuwa bila mama. Somo hilo linahitaji mama aondoke. Ndiyo maana siwaoni walimu wawili wa methali kuwa wanashindana. Wanapokezana. Na mafunzo ya wa kwanza hupimwa saa hasa ambayo yeye hayupo kuyasimamia, kwa maana utii wa mtoto anayetazamwa hauonyeshi mengi.

Ukerewe yenyewe ina ushahidi mkubwa kuliko safari yangu. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, aliondoka kisiwani angali mdogo kwenda kusoma seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya ziwa. Huko ulimwengu ulimfunza Kilatini na Kijerumani. Mwenye kuisoma methali kwa haraka angetarajia mtu aliyesahau kwao. Kumbe kufikia mwaka 1945 Kitereza alikuwa amemaliza riwaya ndefu kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani, inayosimulia ndoa, kilimo, uvuvi, ugonjwa na malezi ya watu wake. Ilibidi asubiri miaka mingi, na hatimaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Alichopewa na ulimwengu alikitumia kuhifadhi alichopewa na mama.

Lakini kuna mahali ambapo methali, ikitumiwa vibaya, inaumiza. Inaelekeza lawama nyumbani: mtoto akipatwa na jambo, basi hakufunzwa. Sisi wa mwambao wa ziwa hatuna haki ya kusema hivyo. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitokea Bukoba kuja Mwanza, ilizama na mamia ya abiria. Wengi wamelala pale Igoma katika makaburi ya pamoja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikitokea Bugolora, na watu 228 wakafa. Kilitengenezwa kubeba watu 101. Mtoto aliyekuwa ndani ya kivuko kile huenda alishika kila neno la mama yake. Hakukaa ukingoni, hakulala, aliwaamkia wakubwa. Uhai wake haukuwa mikononi mwa mafunzo hayo. Ulikuwa mikononi mwa aliyehesabu abiria na aliyeruhusu kamba ifunguliwe. Kwa hiyo ulimwengu nao una wajibu wa kufunzika. Mama akimuaga mtoto wake gatini anatudai kitu, na anayemdai si Mungu peke yake. Anamdai nahodha, mkaguzi, kondakta, na abiria mwenye magunia.

Vilevile nasikitika kila nisikiapo methali hii ikisemwa juu ya watoto wanaolala mitaani Mwanza. Wapo waliofika kwa basi au kwa mtumbwi kutoka vijijini, nao pia walisafiri peke yao. Tofauti yao na mimi haiko kwenye adabu. Mimi nilitumwa, nikiwa na watu wa kuniaga na mtu wa kunipokea. Wao wengine walikimbia kipigo, wengine walifiwa na mama huyohuyo anayetajwa katika methali. Kumwambia yatima kwamba hakufunzwa na mamaye ni kumpiga kwa jiwe la msiba wake. Mtoto wa namna hiyo amebaki na mwalimu mmoja tu, na mwalimu huyo ni mimi na wewe tunaopita Makoroboi au tunaoshuka stendi ya Nyegezi usiku.

Safari zenyewe zimebadilika. Tangu Juni 2025 Daraja la JP Magufuli, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, linaunganisha Kigongo na Busisi, na mtoto anayetoka Sengerema kuja mjini anavuka kwa dakika chache pale ambapo zamani foleni ya kivuko ingemchukua saa nzima na zaidi. Mzazi anamkabidhi kwa konda, anachukua namba ya simu, na kabla gari halijafika ameshapiga. Nafuu hiyo naifurahia kwa moyo wote. Hata hivyo simu haiketi kando ya mtoto, na konda ana abiria wengine wengi wa kuwashughulikia. Swali la "mtoto wa nani wewe?" bado linahitaji mdomo wa mtu aliye kiti cha pili.

Tena kwa Tanzania swali hilo halijaachwa kwa hisani tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kwa hiyo ukimwona mtoto ameshuka stendi, gari limeondoka, na hakuna wa kumpokea, mwamkie wewe kwanza, muulize kwao ni wapi, kaa naye. Ikionekana hana mtu, mpeleke ofisi ya mtaa au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto.