Uzuri wa Sauti na Ubaya wa Vita: Suala la Maadili katika Muziki wa Tamthilia ya Televisheni

Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, Plato anaruhusu mitindo miwili tu ya muziki ndani ya dola yake: mmoja wa mtu shujaa aliye vitani, na mwingine wa mtu mtulivu wakati wa amani. Mitindo ya maombolezo anaifukuza kwa hoja kwamba humlegeza askari. Kinachomtia hofu ni kwamba muziki hupenya rohoni kabla akili haijapata nafasi ya kuuhoji. Hofu hiyo ingali na uzito. Swali letu leo, hata hivyo, si iwapo maombolezo humlegeza askari, bali iwapo maombolezo matamu hayamfanyi mtazamaji aliyeketi salama nyumbani kwake avipende vita asivyovijua.

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea Band of Brothers, tamthilia ya televisheni yenye sehemu 10 iliyoanza kuonyeshwa Marekani mnamo Septemba 2001. Msingi wake ni kitabu cha mwanahistoria Stephen Ambrose kilichotoka mwaka 1992, nayo inasimulia habari za kikosi kimoja cha askari wa miavuli wa Marekani tangu mafunzoni hadi mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia huko Ulaya. Muziki wake ulitungwa na Michael Kamen, aliyefariki mwaka 2003.

Mwanafunzi wangu mmoja, baada ya kuitazama tamthilia hii yote, aliniambia kwamba alitamani angalikuwa miongoni mwa askari wale. Nilimkumbusha waliokatwa miguu msituni katika theluji. Alijibu kuwa aliwakumbuka vyema, na kwamba hao ndio waliomliza na kumtia hamu. Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika.

Yamkini muziki una sehemu yake katika hamu ile. Kila sehemu hufunguliwa kwa wimbo wa polepole wa okestra, vinanda vya nyuzi vikitangulia na kwaya ikifuatia, huku picha zilizofifia za askari zikipita machoni petu. Wimbo huo ni mzuri, na uzuri wake ndio tatizo. Kifo cha kijana wa miaka 20 katika mtaro wa matope hakina mpangilio. Muziki una mwanzo, kilele na kituo. Ukiwekwa juu ya kifo kile, hukiazima umbo ambalo hakikuwa nalo. Mtazamaji huondoka ameridhika, ilhali aliyekufa hakuridhika na lolote. Kwa msimamo huu, okestra inasema uongo, tena uongo usioweza kukanushwa kwa kuwa hautamkwi kwa maneno.

Hata hivyo, haki inatudai tumsikilize na mtunzi. Wimbo ule wa Kamen si wa kishujaa. Hauna tarumbeta za kuitia watu vitani. Mahali pake hasa ni kando ya mapigano, pamoja na picha za zamani na nyuso za wazee walionusurika, ambao majina yao hatuambiwi mpaka mwisho wa sehemu ya kumi. Maadamu ni hivyo, twaweza kusema kwamba kinachopambwa hapa si vita bali kumbukumbu, na hakuna anayemlaumu mfiwa kwa kuomboleza kwa sauti nzuri.

Utetezi huu una nguvu, lakini hautoshi, kwani mwanafunzi wangu hakuitenga kumbukumbu na vita. Tamthilia yenyewe inatoa jibu la ndani zaidi katika sehemu ya tisa. Katika mji wa Ujerumani uliobomolewa, raia wanazoa vifusi, na katikati yao wanamuziki wanne wanapiga kwateti ya Beethoven, Opus 131, iliyokamilishwa mwaka 1826. Askari wanatazama. Mmoja anadhani ni Mozart; ofisa wao anamsahihisha. Baadaye tunarudishwa nyuma, kikosi kikiifikia kambi ya wafungwa karibu na Landsberg, palipojaa maiti na watu waliobakia mifupa. Kisha tunarejeshwa kwenye vifusi na kwateti ile ile.

Sauti haikubadilika, aliyebadilika ni msikilizaji. Mara ya kwanza tuliuonea huruma utamaduni uliobomolewa kwa mabomu. Mara ya pili tunauliza utamaduni huo ulikuwa wapi kambi ile ilipojengwa. Wala swali hili si la kubuni. Kule Birkenau wafungwa walilazimishwa kuunda okestra na kupiga muziki wenzao walipokuwa wakienda kazini na kurudi. Okestra ya wanawake iliongozwa na Alma Rosé, mpwa wa mtunzi Gustav Mahler, aliyefia huko mwaka 1944. Uzuri haukuwazuia wauaji. Uliwaburudisha.

Hapa utenzi wetu wa vita unaweza kutufunza jambo. Katika Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake ni wa mwaka 1728, kuna ushindi na kuna vifo, lakini kwa kawaida mghani huutumia mahadhi yale yale kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mahadhi hayamwelekezi msikilizaji mahali pa kulia. Kazi hiyo imeachiwa maneno, na hukumu imeachiwa yeye. Okestra ya televisheni mara nyingi humpokonya mtazamaji hukumu hiyo kabla hajaitambua kuwa ni yake.

Kwa hiyo simwungi mkono Plato katika kuyafukuza maombolezo. Kosa la kimaadili haliko katika utamu wa sauti, bali katika sauti inayotumalizia kilio na kutuacha tumeridhika. Kwateti ya sehemu ya tisa haituruhusu kumaliza, na ndiyo maana ni ya haki kuliko wimbo wa ufunguzi, ingawa wimbo ule ndio tunaoondoka nao midomoni. Nilimwomba mwanafunzi wangu aitazame tena sehemu hiyo. Aliporudi hakuzungumzia hamu yake tena. Aliniuliza iwapo wale wanamuziki wanne walijua habari za kambi.